Nani Mzito, Mtoto au Mafunzo?

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa idhini yenu nitaongeza kidogo: mtoto umfunzavyo ndivyo asomavyo. Hebu niwaulize. Ni wangapi miongoni mwetu walio na mdogo wao nyumbani anayeitwa "mzito", "kichwa maji" au "huyo basi tu"? Msinyooshe mikono, najua tuko wengi. Makala haya ni yenu. Nataka kueleza yale ambayo wataalamu wa saikolojia wamegundua kuhusu jinsi binadamu anavyojifunza, na jinsi yalivyonisaidia kurekebisha kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

KISA CHENYEWE

Kitinda mimba wetu ana umri wa miaka tisa. Nilipofika nyumbani kwa likizo ya Aprili, nilimkuta Mama amejiinamia. Mwalimu wa Gredi ya Tatu alikuwa amemwita shuleni akamwambia kwa upole, "Mama, huyu kijana hasomi. Anakariri." Mama hakuamini. Alimwita mtoto mbele yangu, akampa kitabu chake cha Kiswahili, naye akausoma ukurasa mzima bila kusita, hata penye nukta akapumua. Mama akanitazama kana kwamba anasema, si unaona?

Nikakichukua kile kitabu, nikaufunika mchoro kwa kiganja, nikamwonyesha neno moja katikati ya mstari. Kimya. Nikamwonyesha jingine. Kimya. Halafu machozi.

Jamani, jambo hili si la mchezo. Katika madarasa ya chini mtoto hujifunza kusoma, lakini akifika Gredi ya Nne husoma ili ajifunze. Asiyejua kusoma hafeli Kiswahili peke yake. Atafeli Sayansi, atafeli na Hisabati yenye maelezo, na mwishowe atasadiki kwamba yeye ni mjinga.

Basi mimi nikajifanya mwalimu. Kila jioni baada ya chakula: ba, be, bi, bo, bu. Akikosea, konzi. Akikosea tena, konzi mbili. Haikupita wiki, akaanza kuumwa na tumbo kila nilipotoa kitabu. Jioni moja hatukumwona mpaka saa mbili usiku. Tulimkuta amejikunyata nyuma ya tangi la maji, giza totoro. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, wewe unamfunza kusoma au unamfunza kutoroka?"

Swali hilo nilirudi nalo shuleni muhula wa pili. Bahati nzuri, tulikuwa na mwalimu mwanagenzi aliyekuja kwa mazoezi ya kufundisha. Nilimsimulia kisa changu, akacheka kidogo, kisha akaniazima daftari lake la Saikolojia ya Elimu. Niliyoyasoma humo ndiyo haya.

MBWA WA PAVLOV NA KONZI ZANGU

Ivan Pavlov alikuwa mwanasayansi wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake kuhusu usagaji wa chakula tumboni. Katika kuwachunguza mbwa, aliona jambo la ajabu. Mbwa walitokwa na mate hata kabla ya kupewa chakula, mradi tu wamesikia sauti iliyozoea kutangulia chakula hicho. Sauti peke yake haishibishi, lakini mwili umekwisha kuifunganisha na chakula.

Mwaka 1920, huko Marekani, John Watson na Rosalie Rayner walifanya jaribio ambalo leo halingekubaliwa hata kidogo. Walimpa mtoto mchanga panya mweupe, ambaye mwanzoni hakumwogopa. Kisha kila alipomgusa yule panya, wakagonga chuma nyuma yake kwa kishindo. Baada ya kurudia hivyo mara chache, mtoto alilia kwa kumwona panya tu, bila kishindo chochote.

Niliposoma hapo niliweka daftari chini. Kile kitabu cha Kiswahili ndicho kilikuwa panya mweupe, na konzi zangu ndizo zilikuwa kishindo. Maumivu ya tumbo ya mdogo wangu hayakuwa uongo. Mwili wake ulikuwa umejifunza somo nililolifundisha kwa bidii: kitabu kikitokea, maumivu yako njiani.

Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza kumwadhibu mwanafunzi kwa kumpiga au kumtesa kiakili. Lakini waama, marufuku hiyo haijafika katika vyumba vyetu vya kulia chakula. Huko sisi kaka na dada ndio mahakimu na ndio askari.

Dawa yake ni ile ile ya Pavlov, ila kwa kinyume. Likizo ya Agosti nilipofika nyumbani, siku tatu za kwanza sikumfunza chochote. Nilimwomba msamaha, kisha nikawa ninamsomea hadithi tu, ameegemea bega langu, bila swali hata moja. Siku ya kwanza alikaa mbali akikitazama kiganja changu. Siku ya nne alikileta kitabu mwenyewe.

TUZO NAYO INA MASHARTI

Edward Thorndike aliwafungia paka katika visanduku mwaka 1898. Paka alihangaika huku na huku mpaka kwa bahati akavuta kamba iliyofungua mlango, akatoka kula. Aliporudishwa tena na tena, alichukua muda mfupi zaidi kutoka. Thorndike akasema: tendo linaloleta matokeo mazuri hurudiwa, na lisiloleta matokeo mazuri hufifia. Baadaye B. F. Skinner aliendeleza fikra hiyo, akaonyesha kwamba tuzo hufanya kazi vizuri ikija papo hapo, na ikiwa kazi imegawanywa katika hatua ndogo ndogo.

Nami nikaruka: kila ukurasa, andazi moja! Siku mbili mambo yalikuwa mswano. Siku ya tatu nikagundua anafungua kurasa mbio mbio akibuni maneno, macho yakiwa kwenye sahani. Alikuwa amejifunza kula maandazi.

Kumbe hilo nalo limechunguzwa. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake waliwachukua watoto wadogo waliopenda kuchora. Baadhi yao waliahidiwa cheti wakichora. Baada ya majuma machache, hao walioahidiwa cheti na kukipata ndio waliokuwa wamepunguza hamu ya kuchora kwa hiari yao. Mchezo ulikuwa umegeuzwa kibarua.

Kwa hiyo niliyaacha maandazi yawe maandazi ya chai. Tuzo ikawa ni maneno, tena maneno yanayotaja jambo lenyewe. Badala ya "wewe ni hodari sana", nilimwambia, "Umeona ulivyorudi kulitazama hilo neno tena? Hivyo ndivyo wasomaji wanavyofanya." Sifa ya namna hiyo humwonyesha mtoto ni tendo gani alirudie kesho.

KOSA LA MTOTO LINA SABABU YAKE

Hapa ndipo nilipojifunza mengi kuliko pote. Jean Piaget, mzaliwa wa Uswisi (1896–1980), alitumia miaka mingi kuwasikiliza watoto. Hakushughulikia sana majibu waliyopata. Alitaka kujua kwa nini walikosea. Jaribio lake mashuhuri unaweza kulifanya jikoni kwenu leo. Twaa bilauri mbili zinazolingana, zijaze maji sawasawa. Mimina moja katika bilauri nyembamba iliyo ndefu. Mwulize mtoto wa miaka minne au mitano ni ipi yenye maji mengi. Aghalabu atasema ile ndefu. Mtoto huyo hajakosa akili. Anafikiri kwa kanuni yake: kilichopanda juu ndicho kingi. Piaget alitufundisha kwamba mtoto si debe tupu la kujazwa. Hujenga maarifa yake mwenyewe kutokana na anachokishika na kukiona, na akikuta jambo lisiloafiki kanuni yake, ndipo huibadili.

Basi nikaanza kumsikiliza mdogo wangu. Penye picha ya kondoo pameandikwa "mbuzi", alisoma "kondoo". Zamani ningempiga konzi. Safari hii nilimwuliza, "Umejuaje?" Akajibu bila wasiwasi, "Si namwona, Dada!"

Ala! Nikaelewa. Kwa miaka mitatu huyu mtoto alikuwa na nadharia yake: kusoma ni kutazama picha na kukumbuka alichosema mwalimu. Kwa nadharia hiyo alikuwa hodari kweli kweli, maana alikariri vitabu vizima. Hakujua kwamba zile alama nyeusi ndizo zinazosema. Hata "ba be bi bo bu" aliimba kama wimbo. Ukimchanganyia, ukaanza na "bo", alipotea.

Piaget alieleza pia kwamba kati ya miaka saba na kumi na mmoja hivi, mtoto hufikiri vizuri akiwa na vitu halisi vya kushika. Nilikata boksi la karatasi ngumu vipande vipande, kila kipande silabi moja. Lugha yetu ina neema kubwa hapa, kwa kuwa Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na irabu ni tano tu. Tukaweka "ka" na "ka": kaka. Tukatoa "ka" moja, tukaweka "ta": kata. Tukageuza: taka. Alishtuka, akazigeuza tena mwenyewe, "Kata. Taka. Kata. Taka. Dada, ni zile zile!" Jioni hiyo ile nadharia yake ya picha ilivunjika, na aliivunja kwa mikono yake.

MITI YA FUNDI

Lev Vygotsky alizaliwa mwaka ule ule wa 1896, huko Belarus. Alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu, lakini fikra zake zingali hai. Alisema kuna mambo ambayo mtoto huyaweza peke yake, na mengine hayawezi hata umsaidie vipi. Katikati pana eneo la yale asiyoyaweza peke yake lakini anayaweza akishikwa mkono. Hapo ndipo pa kufunza. Ukimfunza analolijua, atapiga miayo. Ukimrukisha mbali, atakimbilia nyuma ya tangi.

Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walichunguza jinsi mtu mzima anavyowasaidia watoto wa miaka mitatu hadi mitano kujenga piramidi ya vipande vya mbao. Msaada huo waliufananisha na miti ile ambayo fundi hufunga kando ya ukuta ili apande kujenga. Ukuta ukikauka, miti huondolewa. Nani amewahi kuhamia nyumba ambayo miti ya fundi bado imeizunguka?

Nilifanya hivi. Kwanza nilisoma mimi, yeye akifuata kwa kidole. Siku zilizofuata tulisoma pamoja kwa sauti moja. Kisha yeye akasoma, nami nikawa nikimpa silabi ya kwanza tu anapokwama. Mwishowe nilinyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikonishinda zaidi! Mtoto akikwama kwenye "ng'ombe", ulimi unakuwasha. Nilijifunza kuhesabu moja hadi kumi moyoni kabla ya kufungua mdomo, na mara nyingi nikifika saba alikuwa amekwisha kulipata.

ANAJUA NINI TAYARI?

Mama ana kibanda cha mboga. Huyu "mzito" wetu humsaidia Jumamosi, na chenji hakosei. Mpe noti ya mia mbili, umechukua sukuma ya thelathini, nyanya za arobaini na kitunguu cha kumi, atakurudishia mia moja na ishirini kabla hujafunga mfuko. Lakini hesabu hiyo hiyo ukiiandika daftarini, anakukodolea macho.

Hayuko peke yake. Mwaka 1985 watafiti wa Brazil, Terezinha Carraher na wenzake, walieleza habari za watoto wachuuzi katika jiji la Recife. Sokoni watoto hao walipata asilimia 98 ya hesabu walizoulizwa. Walipopewa hesabu za namna hiyo kwenye karatasi, bila mambo ya biashara, wakapata asilimia 37. Karibu na hapa kwetu, mwaka 2001 Robert Sternberg na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa eneo la Ziwa Victoria, karibu na Kisumu. Watoto hao walijua dawa nyingi za miti shamba, kila moja na ugonjwa wake, maarifa ambayo mtihani wa darasani hauulizi kamwe. Tena waliojua dawa zaidi hawakuwa ndio waliofanya vyema katika mtihani wa msamiati wa shule. Akili ipo. Swali ni kama daraja la kuivusha mpaka darasani lipo.

Daraja letu likawa ni daftari la madeni la Mama. Humo mmeandikwa "fundi viatu, mkopo, nyanya mbili", "jirani wa juu, mkopo, sukuma". Nilimwambia mdogo wangu, "Mama amechoka, tusomee nani hajalipa." Jamani! Hakuna kitabu cha hadithi alichokisoma kwa hamu kama lile daftari. Neno "mkopo" lilikuwa mojawapo ya yale ya mwanzo aliyoyasoma bila picha na bila msaada. Wateja wetu watanisamehe.

KUIGA NA KUSAHAU

Mengine mawili nitayapitia kwa ufupi. Albert Bandura, katika jaribio la mwaka 1961, aliwaonyesha watoto mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa. Walipoachwa naye, wengi wao waliiga yale mapigo na hata maneno yake. Mtoto hujifunza kwa kutazama kuliko kwa kuambiwa. Nikajiuliza, mdogo wangu ameniona lini nikisoma huku nikitabasamu? Yeye huniona nikisoma kabla ya mtihani tu, uso umekunjamana kama karatasi ya kufungia nyama. Tangu hapo nusu saa baada ya chai tunasoma sote, hata Mama na gazeti lake la juzi.

Naye Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alionyesha mwaka 1885 kwamba tunachojifunza hutoroka upesi sana katika saa na siku za mwanzo, lakini kila tunaporudia baada ya muda, hukaa zaidi. Kwa hivyo robo saa kila siku ni bora kuliko saa mbili za Jumapili. Tulijifunza silabi tatu mpya kwa siku, tukianza na zile za jana na za juzi.

TAHADHARI

Msije mkadhani nadharia ni hirizi. Pavlov na Skinner walitazama tendo tu, wakaacha fikra. Piaget alikadiria umri, lakini watoto hawalingani. Hata Vygotsky hakutuachia kipimo cha kutuambia hasa lini tuondoe miti. Kila nadharia ni kama dirisha moja la nyumba, na mtoto ndiye nyumba yenyewe.

Tena kabla ya nadharia zote, tazama mwili. Je, anaona ubaoni? Anasikia? Amekula? Amelala? Sisi tulianza na zahanati kupimwa macho, yakaonekana mazima. Wako watoto ambao wana ugumu wa kudumu wa kutambua herufi, na hao huhitaji msaada wa wataalamu. Tangu mwaka 1984 Kenya imekuwa na vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu. Mwalimu wa shule anaweza kumwelekeza mzazi huko. Kwenda huko si aibu. Aibu ni kumchapa mtoto kwa kosa la jicho lake.

KWA UFUPI, EWE KAKA AU DADA

1. Ondoa hofu kwanza. Palipo na hofu kitabu hakiingii.
2. Sifu tendo, wala usinunue usomaji kwa maandazi.
3. Akikosea, mwulize "umejuaje?" kabla ya kumsahihisha.
4. Mpe vitu vya kushika: kadi, vizibo, maharagwe.
5. Msaidie kidogo kidogo, halafu ujue kunyamaza.
6. Anza na anachokijua na kukipenda.
7. Muda mfupi, kila siku, pamoja na marudio.

HATIMA

Je, mdogo wangu sasa ni bingwa? La. Angali anasoma polepole, "ng'" na "ny" bado zinamtoa jasho, na mwalimu wake anasema safari ni ndefu. Lakini tumbo haliumi tena. Wiki ya tatu ya muhula huu Mama alipokuja kunitembelea, aliniletea kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Kimeandikwa kwa penseli, herufi moja kubwa, nyingine ndogo: "Dada njoo na kitabu kigine hiki nimemaliza."

Mwaona kosa? "Kigine" badala ya "kingine". Sikulisahihisha. Nimekihifadhi kikaratasi hicho ndani ya kamusi yangu, na Desemba nitampelekea kitabu. Hiyo herufi "n" tutaitafuta pamoja kwa zile kadi za boksi. Haba na haba hujaza kibaba.

Ni mimi mwanachama wenu,
Chama cha Kiswahili.